Vidhibiti vya Ajabu vya Miaka ya Tisini na Mkono Wangu wa Kushoto

Mimi ni mashoto. Nikiwa darasa la pili, mwalimu alinifunga mkono wa kushoto kwa leso ili nijifunze kuandika kwa mkono wa kulia. Nilijifunza. Mwandiko wangu leo unasomeka, ila nikiandika kwa muda mrefu bega la kulia huniuma kana kwamba nimebeba debe la maji. Ninaanza na habari hii kwa sababu ndiyo iliyonifikisha kwenye mada ya insha yangu, mada ambayo baadhi ya wenzangu darasani waliicheka nilipoitaja: vidhibiti vya kuchezea gemu za kompyuta vilivyotengenezwa miaka ya 1990, hasa vile vya ajabu ajabu ambavyo siku hizi huorodheshwa kama vichekesho.

Shemeji yangu hutengeneza kompyuta katikati ya Kampala. Nyuma ya duka lake kuna stoo ya vyuma vilivyokuja na mizigo ya kompyuta kuukuu kutoka Ulaya, na likizo moja aliniomba nimsaidie kuipanga. Ndani ya katoni la kibodi zilizogeuka rangi ya chai ya maziwa nilikuta kitu kidogo bapa chenye vitufe vinne vya rangi na alama ya msalaba. Kilikuwa Gravis GamePad, kazi ya kampuni ya Kanada iitwayo Advanced Gravis. Katikati ya msalaba kulikuwa na tundu la skrubu. Hapo unaweza kukaza kijiti kifupi, ukitaka kucheza kwa kijiti badala ya kidole gumba. Pembeni kulikuwa na swichi.

"Hiyo swichi ya nini, shemeji?" niliuliza.

"Ya watu kama wewe," alinijibu. "Unakigeuza juu chini, halafu unaibonyeza. Mielekeo nayo inageuka."

Alikuwa na kompyuta moja ya zamani iliyokuwa bado inawaka, yenye kadi ya sauti na poti ya kuchomekea kitu hicho. Tulicheza Jazz Jackrabbit, gemu ya mwaka 1994 yenye sungura mwenye bunduki. Nilikigeuza kidhibiti, nikabonyeza swichi, na kwa mara ya kwanza maishani nikatumia chombo ambacho aliyekibuni alikuwa ameketi mahali fulani akawaza kwamba huenda nipo. Sikatai kwamba kulikuwa na kasoro. Waya ulihamia upande usiofaa, na jina la kampuni likasomeka kichwa chini miguu juu muda wote. Hata hivyo nilicheza hadi duka likafungwa.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi kuhusu vidhibiti vya muongo ule, na nimechoshwa na namna vinavyozungumzwa. Mtindo umekuwa mmoja: picha ya kifaa chenye umbo la kituko, kejeli mbili tatu, kisha swali, "Walikuwa wanawaza nini?" Mimi ninalichukulia swali hilo kwa uzito. Walikuwa wanawaza kuhusu mkono. Dai langu ni kwamba vilivyo bora kati ya vifaa hivi viliuliza swali la haki: mkono wa mtu unaweza kufanya nini ambacho kibodi haikiruhusu? Vingi vilianguka kwa sababu hapakuwa na gemu za kutosha zilizolihitaji jibu lake, na kwa sababu kipanya, ambacho nacho kilikuwa kigeni, kilikuwa tayari kimelipiwa na kuwekwa mezani.

Kwanza msomaji aelewe umaskini wa mashine yenyewe. Poti ya gemu ilitokana na kadi ambayo IBM iliitoa mwaka 1981 kwa ajili ya kompyuta yake ya kwanza ya binafsi. Ilikuwa na pini 15 na ilijua mambo mawili tu: mielekeo minne na vitufe vinne, basi. Tena haikuupima mwelekeo moja kwa moja. Ndani ya kijiti mlikuwa na rezista ambayo ukinzani wake ulibadilika kadiri unavyokisukuma, na kompyuta ilihesabu muda ambao kapasita ilichukua kujaa umeme kupitia rezista hiyo. Muda mrefu maana yake kijiti kiko upande huu, muda mfupi maana yake kiko upande ule. Kompyuta ya kasi tofauti ilihesabu tofauti, na kijiti kilichozeeka kilitoa ukinzani tofauti. Ndiyo maana kila gemu ilianza kwa ibada ile ile: sukuma kijiti juu kushoto, bonyeza, sukuma chini kulia, bonyeza, kiache katikati, bonyeza. Shemeji huiita kumsalimia mgeni kabla ya kumkaribisha.

Juu ya msingi huo dhaifu, kila mtengenezaji alilazimika kubuni njia yake. Wengine waliikwepa poti ya gemu kabisa wakatumia ile ya siriali, iliyokuwa ya vipanya na modemu. Na katika enzi ya DOS, hata ukitengeneza kidhibiti kizuri namna gani, ilibidi umwombe kila mwandishi wa gemu akiwekee nafasi ndani ya programu yake. Asipokiwekea, umeuza pambo.

Nianze na kilichoanguka kwa kishindo. Mwaka 1993 Logitech, kampuni ya Uswisi yenye sifa ya vipanya, ilitoa CyberMan. Kwa mbali ni kipanya kilichosimamishwa juu ya shina fupi lililokita kwenye bamba. Unakisogeza mbele na nyuma, kushoto na kulia, unakivuta juu na kukibana chini, unakiinamisha, unakilaza ubavu, unakizungusha kama kifuniko cha chupa. Kwa jumla miondoko sita, yaani yote ambayo kitu kinaweza kuifanya hewani. Ndani yake mlikuwa na mota iliyokitetemesha unapopigwa risasi, miaka kadhaa kabla mtetemo haujawa jambo la kawaida kwenye vidhibiti vya televisheni.

Mwisho wa mwaka huo huo ilitoka Doom, na baadaye waandishi wake waliiongezea uwezo wa kutumia CyberMan. Hapa ndipo ninapoona hitilafu ambayo wachekeshaji huipita. Katika Doom mchezaji hawezi kutazama juu wala chini. Hawezi kuruka. Anakwenda mbele, anakwenda ubavu, anageuka. Miondoko mitatu, imekwisha. Kifaa chenye miondoko sita kilipelekwa kwenye nyumba yenye milango mitatu. Aliyekinunua alishika kitu kinachoyumba kila upande wakati nusu ya miyumbo yake haina maana yoyote kwenye skrini, na miyumbo isiyo na maana huchosha kiganja na kuharibu shabaha. Nikikihukumu kama kifaa peke yake, ninakiona kina kasoro, maana kadhaa kati ya miondoko yake ilikuwa ya ndiyo au hapana tu, bila taratibu wala kasi. Nikikihukumu pamoja na gemu yake, lawama ninazigawa.

Miaka miwili baadaye nyumba yenye milango sita ilijengwa. Descent, kazi ya Parallax Software iliyosambazwa na Interplay mwaka 1995, humweka mchezaji ndani ya chombo kidogo kinachoelea katika migodi ya sayari mbalimbali, apigane na maroboti, aokoe mateka, alipue kinu cha nishati, kisha atoroke kabla mgodi mzima haujalipuka. Humo hakuna juu wala chini. Sakafu unayoiona sasa itakuwa dari baada ya sekunde tatu. Wapo waliotapika kwa kuicheza, nami siku ya kwanza nilikaribia.

Nimeicheza Descent kwa kibodi, na ninaweza kueleza adha yake kwa hesabu ndogo: miondoko sita, kila mmoja una pande mbili, jumla vitufe kumi na viwili kabla hujafyatua risasi hata moja. Vidole hugombana. Ukitaka kuzunguka adui huku unapanda na kumwelekezea pua, ambayo ndiyo mbinu ya msingi ya gemu hiyo, unajikuta unabonyeza vitufe vitano pamoja kama mtu anayepiga kinanda asichokijua.

Kwa gemu kama hiyo ndipo ilipokuja SpaceOrb 360, mwaka 1996. Mtengenezaji wake, Spacetec IMC wa Marekani, alikuwa anauza vifaa vya aina hiyo kwa wahandisi waliochora mitambo kwenye kompyuta, kwa bei ya kihandisi. SpaceOrb ilikuwa jaribio la kumpa kijana wa nyumbani teknolojia ile ile. Mkono mmoja unashika mwili wa kidhibiti, mwingine unashika mpira wenye ukubwa wa kukaa vidoleni. Mpira hauzunguki. Hilo ndilo jambo la kulielewa: unausukuma, unauvuta, unauinamisha, unausokota, nao hauendi popote isipokuwa kidogo mno, unachopimwa ni nguvu yako. Ukisukuma taratibu, chombo kinateleza. Ukikaza, kinachomoka. Vitufe kumi na viwili vimekuwa mshiko mmoja.

Ninaiona SpaceOrb kuwa kazi bora kuliko zote za namna yake katika muongo ule, na sisemi hivyo kwa huruma ya makumbusho. Humo umbo la kifaa na umbo la gemu vinalingana. Kasoro yake ni kwamba mkono wa binadamu hausukumi kitu mbele tu bila kukiinamisha hata kidogo, kwa hiyo mwondoko mmoja huvujia mwingine: unataka kwenda mbele, pua inainama. Dawa yake ni wiki kadhaa za mazoezi. Nani angekaa wiki hizo kwa ajili ya gemu moja na ndugu zake wachache? Ukiichukua SpaceOrb ukaipeleka kwenye Quake, iliyotoka mwaka huo huo wa 1996, unarudi kwenye hadithi ya CyberMan: Quake ina sakafu, ina uzito, na mtu ndani yake hutembea kwa miguu.

Quake inanileta kwenye pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu. Mtu atasema: kipanya kilishinda kwa sababu ni bora, hakuna cha kuombolezwa. Kwa gemu za kulenga shabaha ninakubali kwamba ni bora. Mwaka 1997 yalifanyika mashindano ya Quake yaliyoitwa Red Annihilation, na mshindi wake, Dennis Fong, aliyejulikana kama Thresh, aliondoka na gari la Ferrari 328 lililokuwa mali ya John Carmack, mmoja wa waliotengeneza gemu yenyewe. Fong alicheza kwa kipanya mkono mmoja na herufi za kibodi mkono mwingine, na ushindi wake uliwafanya wengi wamwige. Lakini hata kipanya hakikupokelewa kama kitu cha asili. Quake ilipotoka, kutazama huku na huku kwa kipanya hakukuwa kumewashwa; ilibidi uandike amri mwenyewe. Wachezaji wengi walikuwa wakitumia mishale ya kibodi tu, wakiona mambo ya kipanya kuwa ya makarani. Kwa maneno mengine, ustadi wa kipanya nao ulikuwa lugha ngeni iliyohitaji wiki za mazoezi. Tofauti ni kwamba ukishajifunza unaitumia katika gemu mia, na kifaa chenyewe umekipata pamoja na kompyuta.

Nitaje kwa haraka SideWinder Freestyle Pro ya Microsoft, ya mwaka 1998, kwa kuwa kisa chake ni cha aina nyingine. Hiki kilikuwa kidhibiti cha kawaida chenye kihisi ndani: ukikiinamisha, pikipiki ya kwenye skrini inainama. Kiliuzwa pamoja na gemu ya Motocross Madness. Miaka minane baadaye Nintendo ilitoa Wii, na dunia nzima ikainamisha mikono sebuleni ikishangilia uvumbuzi. Hapa wachekeshaji hunyamaza, kwa sababu ni vigumu kucheka wazo ambalo bibi yako amelitumia kucheza tenisi.

Sasa nirudi kwenye mkono wa kushoto, maana nina jambo la kukiri ambalo linaipunguzia nguvu hoja yangu. Nilipoanza utafiti huu nilitaka kuamini kwamba muongo ule wa vituko ulikuwa rafiki wa watu kama mimi, na kwamba kipanya kilikuja kutufunga leso. Ushahidi hauniruhusu. Vijiti vingi vya kurushia ndege vya miaka hiyo, hasa vile vya bei kubwa, vilifinyangwa kwa kiganja cha kulia: kidole gumba kina bonde lake, kiganja kina rafu yake, na mashoto akikishika anahisi kama amevaa kiatu cha mguu mwingine. Kipanya cha kawaida chenye pande mbili sawa nimekihamishia kushoto siku zote bila kumwomba mtu ruhusa. Ubunifu wa ajabu haukuwa lazima uwe wema. Mara nyingi mbunifu aliufikiria mkono kwa makini sana, na mkono alioufikiria ulikuwa wake mwenyewe.

Sisi tunaosoma Kiswahili hatupaswi kushangaa. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Huitwa pia mkono wa kuume, na wa kushoto ukaitwa wa kike. Lugha imekwisha kugawa kazi kabla ya mtoto hajashika kijiko. Tofauti ninayoiona ni kwamba katika miaka ya 1990 kulikuwa na meza yenye vidhibiti ishirini vya fikra tofauti, na kati ya hivyo ishirini kimoja kilikuwa na swichi. Mwaka 2005 Microsoft ilipoleta kidhibiti cha Xbox 360 kwenye kompyuta, pamoja na kanuni ya programu iliyotarajia umbo hilo hilo, vijiti viwili hapa, vifyatuo viwili pale, waandishi wa gemu walipata raha kubwa. Hawakuhitaji tena kuwaza kuhusu vifaa ishirini. Gemu zao ziliacha kuuliza lolote ambalo umbo hilo haliwezi kulijibu. Gemu za aina ya Descent zilikuwa zimeshakuwa nadra kabla ya hapo, kwa hiyo sisemi kwamba kidhibiti kile kiliziua. Ninasema kwamba tangu hapo hapakuwa na kifaa cha kawaida cha kumshawishi mtu aziandike.

Na gharama ya umbo moja haikuwaangukia mashoto peke yao. Sisi tunaweza kujikunja. Asiye na vidole, au ambaye misuli yake haimtii, hawezi kujikunja. Mwaka 2018 Microsoft hiyo hiyo ilitoa Xbox Adaptive Controller, bamba jeupe lenye vitufe viwili vikubwa na matundu 19 ya kuchomekea swichi, kanyagio na vijiti vya kila namna, ili kila mtu ajipangie kidhibiti kulingana na mwili wake. Nilipoiona picha yake nilikumbuka stoo ya shemeji. Mtu yeyote aliyecheka CyberMan anapaswa kueleza kwa nini kifaa hiki hakimchekeshi.

Mpira wa Spacetec haukufa. Kampuni iliuzwa, aliyeinunua naye akanunuliwa na Logitech, na wazo lake likaishia kwa wale wale wahandisi lilikotoka, chini ya jina la 3Dconnexion. Mjomba wangu huchora majengo katika ofisi moja hapa mjini, na juu ya meza yake kuna kirungu cheusi kizito anachokisukuma na kukisokota ili kulizungusha jengo kwenye skrini. Nilipomtembelea mara ya kwanza sikukiangalia kirungu, niliangalia kilikowekwa. Kiko kushoto mwa kibodi. Mkono wa kulia una kipanya, unachora. Wa kushoto ndio unaobeba jengo zima.

"Vipi, mjomba, hukupata shida kujifunza kwa mkono huo?" nilimuuliza.

"Mwezi mzima nilikuwa naangusha maghorofa," alisema. "Sasa ukiniambia nikihamishie kulia, siwezi."

Nilimwomba aniruhusu jioni moja, baada ya wenzake kuondoka. Descent bado inapatikana katika toleo lililofanyiwa marekebisho na mashabiki ili liende kwenye kompyuta za sasa. Mipangilio ilinichukua karibu saa mbili, kwani mwanzoni nilikuwa nasukuma mbele chombo kinarudi nyuma, nikasokota kulia kikalala ubavu. Hatimaye miondoko yote sita ikakaa mahali pake. Nilikaa vizuri, nikaweka mkono wa kushoto juu ya kirungu, wa kulia nikauachia kitufe cha risasi. Mgodi wa kwanza niligonga kila ukuta. Wa pili nilizunguka roboti moja duara zima, nikiwa kichwa chini, pua imemlenga yeye muda wote, na mkono ukafanya hivyo kabla sijauamuru. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu na funguo za ofisi mkononi. Aliniuliza kama ninaona kizunguzungu. Nilimwambia anipe dakika tano, niutafute mlango wa kutokea kabla kinu hakijalipuka.